Sebuleni Kwetu: Waya wa laki nne na nusu, au wa elfu thelathini na mbili?

Mwezi uliopita tulimaliza ubishi wa makochi. Mwezi huu naomba tupige magoti nyuma ya kabati la televisheni, pale penye vumbi na nyaya ambazo hakuna anayejua upi ni wa nini.

Sababu yenyewe ni hii: santuri zimerudi. Vijana wenye kazi zao, waliokulia kwenye kaseti na CD na ambao miziki yao yote siku hizi imo kwenye simu, sasa wanahangaika kutafuta gramafoni za wazee. Wengine wanaipenda sauti yake, wengine wanapenda picha yake sebuleni wageni wakija. Yote sawa. Lakini gramafoni ikishapatikana, swali la kwanza ni waya, na hapo ndipo wapenzi wengi wanapokwaruzana. Mmoja anasema, "Waya ni waya tu bwana!" Mwenzake ameshaona mahali kebo ya mita moja inauzwa bei ya kitanda, na ameamini kwamba bila hiyo muziki hautapendeza.

Wote wawili wana ukweli nusu. Waya si waya tu, kila mmoja una kazi yake, na kuna mahali ukikosea muziki unaharibika kabisa. Lakini ukishaijua kazi yake, utaona kwamba waya mzuri unaweza kuutengeneza mwenyewe mezani kwako kwa hela ya kawaida. Nayasema haya kwa sababu mimi na mume wangu tumeyapitia mwaka huu, kati ya Masasi tunakoishi na Newala kwao.

Kwa nini santuri za wazee zina thamani

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zetu zilirekodiwa kwenye tepu pale Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zilizouzwa madukani zilifyatuliwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983, na kaseti nazo zikaingia kwa kasi. Kwa hiyo kama mzee wako aliacha santuri za NUTA Jazz, za Kilwa Jazz, za Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, au za Mbaraka Mwinshehe, yule aliyefariki kwa ajali ya gari huko Kenya Januari 1979, ujue umekalia mali. Nyingi hazijafyatuliwa tena.

Tena zile santuri ndogo zina jambo lake. Wimbo mmoja mara nyingi ulikatwa mara mbili: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Utamu umekolea, magitaa ndiyo kwanza yanaanza kupishana, mara kimya. Lazima mtu ainuke akageuze. Shika hilo, tutalirudia.

Kisa chenyewe

Baba mkwe wangu alikuwa mwalimu Newala. Mwaka 1982 alinunua gramafoni Dar es Salaam, akaipandisha nayo mpaka juu kule kwenye tambarare ya Makonde, na santuri zake zilikuwa sitini na kitu. Alifariki miaka miwili iliyopita. Tulipofungua sanduku la gramafoni tukakuta panya wamekula waya wote unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye amplifaya. Kilichobaki ni kishina kama cha muhogo.

Akatokea kijana kutoka Dar anayekusanya santuri kwa ajili ya wateja wa nje. Akataka kununua zote kwa mkupuo, pamoja na mashine. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akasema ziuzwe, kwani kitu kisicholia kina faida gani ndani ya nyumba? Mume wangu akakataa. Maneno yakawa mengi mpaka ndugu wa tumbo moja wakawa wanasalimiana kupitia kwa watu. Mwisho mjomba wao akaingilia kati, na kwa Wamakonde neno la mjomba ni zito. Akaita kikao mwezi Mei: kama mashine inalia, itajadiliwa, kama hailii, iuzwe na mama apewe hela zake.

Basi mume wangu akaanza kutafuta waya. Akapata muuzaji Dar mwenye kebo maalumu ya gramafoni, shilingi laki nne na nusu. Akaniambia, "Mke wangu, hiki si kitu cha kufanyia majaribio. Tuchukue hii." Tatizo ni kwamba laki nne na nusu tuliyokuwa nayo ilikuwa hela ya palizi ya mikorosho ya mama, na yeye alishajua ipo. Nikamwambia, mume wangu, tukanunue waya kwa hela ya palizi halafu tuende kumpigia mama muziki ndani ya shamba lililoota majani?

Hakujibu. Kesho yake tukaenda wote kwa fundi redio hapa Masasi.

Waya wa kwanza: mwembamba wa kudekezwa

Fundi alianza kwa kutueleza kitu ambacho kila mwenye gramafoni anatakiwa kukijua. Kwenye gramafoni nyingi za sebuleni, sindano inapopita kwenye mfereji wa santuri inatikisa kisumaku kidogo kilicho karibu na koili, na umeme unaotoka hapo ni milivolti 5 hivi. Yaani gawa volti moja vipande elfu, uchukue vitano tu. Mashine ya CD inatoa volti 2 hivi, ambazo ni mara 400 ya hiyo. Kwa hiyo waya unaotoka kwenye sindano umebeba mnong'ono. Chochote kitakachoingia njiani, iwe ngurumo ya umeme wa ukutani, transfoma ya stabilaiza au ile tititi ya simu, kitakuzwa pamoja na muziki.

Ndiyo maana waya huu lazima uwe na ngao: msokoto au wavu wa shaba unaozunguka waya wa katikati pande zote. Nyaya mbili za kawaida zilizolala pembeni kwa pembeni hazifai hapa hata ziwe nene namna gani.

Jambo la pili ni kapasitansi, yaani tabia ya waya wenye ngao kuhifadhi chaji kidogo ndani yake. Usiogope jina. Inapimwa kwa pikofaradi, na ikizidi, herufi "s" za mwimbaji zinaanza kukwaruza na sauti za juu kabisa zinafifia. Vichwa vingi vya sindano vinataka jumla ya pikofaradi 100 mpaka 300, ukihesabu waya pamoja na zilizomo kwenye amplifaya. Waya wa maiki au wa gitaa mara nyingi una kama 100 kwa kila mita, mwingine zaidi. Kebo ya antena ya omu 75 ina 50 mpaka 70 tu. Umeona? Kebo ya antena inaushinda waya wa maiki kwa kazi hii! Lakini usizidishe urefu. Mita moja na kidogo inatosha.

Hapo mume wangu akataka kukimbilia kebo ya dishi iliyobaki nyumbani. Fundi akacheka: "Kaka, hiyo ngao yake ni alumini. Risasi haishiki." Akachukua kisu, akachana vipande viwili. Kimoja kilikuwa na wavu mweupe wa alumini, kingine wavu mwekundu wa shaba, ni kebo ya kamera za ulinzi iliyobaki kwenye kazi fulani. Tukachukua hicho cha pili, mita 3.

Hesabu yetu ya siku ile: kebo 6,000, pini mbili za RCA 7,000, pasi ya kulehemu 12,000, risasi 4,000, waya wa kijani na njano wa kuunganisha chuma cha mashine, pamoja na tepu, 3,000. Jumla 32,000. Na pasi ya kulehemu imebaki yetu.

Mezani: mimi nalehemu, yeye anashika

Haya, kama na ninyi mnataka kutengeneza, fuateni hivi.

1. Chomoa plagi ya gramafoni ukutani kwanza. Chini ya sanduku lake kuna umeme wa volti 230 jirani kabisa na nyaya za sindano. Usiguse kitu kabla ya hapo.

2. Kata kebo mbili zenye urefu sawa, moja ya kulia na moja ya kushoto. Sisi tulikata mita 1.2 kila moja.

3. Menya ganda la nje sentimita 2, kusanya wavu wa shaba uusokote pembeni, kisha menya milimita 5 za waya wa katikati. Hakikisha hakuna unywele hata mmoja wa wavu unaogusa katikati. Unywele mmoja tu unatosha kunyamazisha upande mzima.

4. Pitisha kwanza kifuniko cha pini kwenye kebo, ndipo ulehemu. Nenda dukani na kipande cha kebo mkononi, maana kebo ya antena ni nene na pini nyingi zina mdomo mdogo.

5. Pasha moto chuma cha pini pamoja na waya, halafu gusisha risasi kwenye chuma hicho, wala si kwenye ncha ya pasi. Ile risasi ya kawaida ya bati na plumbi inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi za Selsiasi. Ikitiririka na kung'aa, imeshika. Ikikaa kama donge la ugali lililopoa, rudia. Katikati ya pini ni pa waya wa katikati, ukingo wa nje ni pa wavu.

6. Pima kwa tesita kabla hujaufunga waya kwenye mashine, usije ukapitisha umeme wa tesita kwenye koili ya sindano. Katikati iongee na katikati, ukingo na ukingo, na hivyo viwili visiongee kabisa.

7. Ndani ya gramafoni utakuta nyaya nne nyembamba kama nywele zinazotoka kwenye mkono wa sindano. Rangi zake za kawaida: nyekundu ni kulia, kijani ni njia yake ya kurudi, nyeupe ni kushoto, bluu ni njia yake ya kurudi. Katikati ya kebo kunakwenda nyekundu au nyeupe, na wavu unakwenda kijani au bluu. Gusa na pasi sekunde mbili tatu tu, uondoke.

8. Fungua madirisha, usivute moshi wake. Plumbi ni sumu, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula na uwaweke watoto mbali.

Mimi ndiye niliyelehemu, kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Mume wangu alishika waya kwa koleo na kunimulikia na simu. Nawaambia ukweli, hatujawahi kukaa saa mbili nzima tumeinamia kitu kimoja bila mtu kuangalia meseji. Huwezi kugombana na mtu aliyeshika waya unaouchoma. Ukimkasirisha akitikisika, mnaanza upya.

Ikinguruma

Ukiunganisha ukasikia mmmmm nzito isiyokoma, usikimbilie kununua waya mwingine. Hiyo ni sauti ya umeme wa ukutani, mizunguko 50 kwa sekunde. Mara nyingi dawa yake ni waya mmoja wa bei rahisi kuliko zote: ule unaotoka kwenye chuma cha gramafoni kwenda kwenye skrubu iliyoandikwa GND nyuma ya amplifaya. Usipoufunga, mashine inanguruma. Pia tenganisha nyaya za sindano na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba, zisilale pamoja. Na tafadhali, usikate pini ya tatu ya plagi kuua ngurumo. Pini ile ipo kwa ajili ya uhai wako.

Na kwa wenye sabufa: ukiichomeka gramafoni moja kwa moja kwenye sabufa utasikia sauti ya mbu. Mnong'ono ule unahitaji kukuzwa kwanza, tena kwa namna yake. Santuri hukatwa huku besi ikipunguzwa na sauti za juu zikiongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954 na kuenea duniani, na lazima kuwe na kifaa cha kurudisha mambo mahali pake. Amplifaya za zamani zinacho ndani, tafuta tundu lililoandikwa PHONO. Kama huna, nunua hicho kikuzaji peke yake kabla hujawaza waya wa bei mbaya.

Waya wa spika: huu ni kibarua, haudekezwi

Kutoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika mambo yanageuka. Hapa umeme ni mwingi, hauhitaji ngao, unahitaji barabara pana. Waya mwembamba unakula nguvu njiani na besi inakosa adabu. Kanuni nzuri ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa spika ya omu 8, hiyo ni omu 0.4.

Tupige hesabu. Waya wa shaba wa 1.5, ule ule mafundi wanaofungia taa za nyumbani, ukienda mita 5 na kurudi unakuwa na omu 0.12 hivi. Umefaulu kwa mbali, na unaweza kufika mita 15 bado ukawa salama. Kile kiwaya cha 0.5 kwa mita 5 hizo hizo kina omu 0.34. Kimepona chupuchupu, na ukikivuta mita 10 kimefeli. Nunua fleksi ya 1.5 yenye nyuzi nyingi laini, inakunjika vizuri kwenye kona.

Ila angalia usiuziwe alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kidogo kwa kisu: ukiona weupe ndani, umepigwa. Ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba. Kama umeshaununua, si mwisho wa dunia, tumia ulio mnene zaidi.

Cha muhimu kuliko unene ni mwelekeo. Chanya iende kwenye chanya, hasi kwenye hasi, spika zote mbili. Ukigeuza moja tu, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inapotea katikati ya chumba ingawa spika zote ni nzima. Kama alama zimefutika, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za spika kwa nukta moja. Ngozi ya spika ikiruka kwenda mbele, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya.

Na zile za bei mbaya?

Mwaka 1983 jarida moja la Marekani, Stereo Review, liliwaweka wasikilizaji wabadilishiwe nyaya za spika bila kujua upi unapiga. Kwenye muziki, walishindwa kuitofautisha kebo nene ya gharama na waya wa kawaida wa taa ulio mnene vya kutosha. Umepita muda mrefu na ubishi haujaisha, lakini hesabu ya omu haijabadilika. Kama una hela na unaupenda urembo wake, nunua. Kanzu nzuri nayo haimwongezei mtu sala, ila inapendeza. Usimwambie tu mwenzako kwamba umenunua sauti.

Kuna jambo moja hata hivyo ambalo huku kwetu lina maana kuliko kwingine. Kila mwaka mikorosho ikipulizwa salfa kwa ajili ya ubwiri, vumbi lile linaingia mpaka chini ya godoro. Salfa inageuza shaba na fedha kuwa nyeusi, na pini ikishakuwa nyeusi sauti inakatikakatika. Dhahabu haishikwi na salfa. Kwa hiyo pini zenye mpako wa dhahabu, za elfu tatu na nusu kama zetu, zinafaa kwa sababu hiyo wala si kwa sababu dhahabu inaimba. Kama zako ni za kawaida, zichomoe na kuzichomeka mara mbili tatu kila mwezi na uzifute kwa spiriti.

Siku ya kikao

Tulipanda Newala Jumamosi na kebo yetu kwenye mfuko wa plastiki. Jioni ile ukungu ulishuka mpaka ukawa huuoni mkorosho wa uani. Shemeji alikuwa amekaa upande wake, mikono kifuani. Mume wangu akalala chini nyuma ya kabati, akaanza kuunganisha spika za marehemu, ambazo alama zake zilishafutika zamani. Akaita betri. Mimi nilikuwa nimeshika gramafoni. Kimya. Kisha shemeji akainuka, akatoa betri kwenye saa ya ukutani, akapiga magoti.

"Ilete huku. Hii inaruka mbele au nyuma?"

"Nyuma."

"Basi geuza."

Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza ya ana kwa ana tangu yule mnunuzi alipokuja.

Santuri ya kwanza ikalia. Haikunguruma. Mama mkwe hakusema kitu, alikuwa anaangalia mlango. Wimbo ulipokatika, watoto wakaanza kupiga makofi wakidhani umekwisha. Mama akasema, "Bado. Geuzeni." Nikaenda kugeuza, upande B ukaendelea pale pale magitaa yalipoishia.

Mjomba hakuhutubia. Alisema, "Kinacholia hakiuzwi bila ya mwenyewe kutaka," akamgeukia mama. Mama akasema santuri haziondoki. Halafu akaongeza kwamba na mashine nayo haiondoki, inabaki Newala, hapo hapo ilipo.

Hilo mume wangu hakulitegemea. Nilijua ameshapima mahali pa kuiweka sebuleni kwetu Masasi, hata meza alikuwa ameiagiza kwa fundi seremala. Njia nzima ya kurudi hakuongea. Sikumsemesha. Kuna maneno ya milivolti 5, mpenzi msomaji, ukiyapitisha kwenye kelele hayafiki. Tulipofika nyumbani, tumeshakula, taa zimezimwa, ndipo aliponiambia kwamba hakuwa anaitaka mashine. Alitaka kusikia kitu cha baba yake akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikamsikiliza. Hakikuwa kitu cha kujibu.

Hela ya palizi ilifika shambani. Sebule yetu haina gramafoni mpaka leo, ina meza mpya tu yenye chombo cha maua. Lakini shemeji sasa hupiga simu moja kwa moja, na mara ya mwisho alimuuliza mdogo wake fleksi ya 1.5 inauzwaje, anataka kuzisogeza spika za mama karibu na dirisha.

Kabla hujatoa hela mfukoni

Kwa kifupi basi. Waya wa sindano: mfupi, wenye ngao ya shaba, kapasitansi ndogo. Waya wa GND: usisahau. Waya wa spika: shaba, 1.5, chanya na hasi zisichanganyike. Pini: safi, za dhahabu kama unakaa kwenye korosho. Ukibakiwa na hela, nunua sindano mpya, maana sindano iliyochakaa inakula santuri ambayo huipati tena dukani. Na mkae mezani wawili, hata kama mmoja hajui. Anayeshika waya usitikisike naye anafanya kazi.

Kwa leo naishia hapa. Mwezi ujao tutaongelea ugomvi mwingine wa sebuleni: rimoti ya televisheni wakati mama mkwe amekuja kukaa miezi mitatu. Usikose!